Cheche Mbili na Daftari la Mhazini

Nimekuwa kimya kwa muda na sina kisingizio cha maana. Leo sina habari za simu mpya wala lugha mpya ya kuandikia programu. Nina habari za injini ya ndege, na swali ambalo mjomba wangu aliniuliza nikashindwa kulijibu papo hapo. Nadhani linamhusu kila mtu aliyewahi kuandika programu ya kutumiwa na watu wengine, kwa hivyo nivumilieni.

Mjomba ni fundi wa ndege ndogo katika uwanja wa Wilson, hapa Nairobi. Amefanya kazi hiyo tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Jioni moja alinipigia simu nikiwa nyumbani Kangemi. Hakuniuliza habari za kazi wala nitaoa lini (jambo la ajabu!). Alisema hivi: "Mpwa, wewe ni mtu wa kompyuta. Ukiambiwa cheche ya injini inawashwa na kompyuta, na wewe mwenyewe umo ndani ya ndege hiyo juu ya milima ya Aberdare, utakubali?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kumbe kulikuwa na mteja mwenye Cessna 206 yenye turbo. Alikuwa amesoma kwamba siku hizi unaweza kuondoa magneto na kuweka mfumo wa kielektroniki wa kuwasha cheche. Alitaka zote mbili ziondoke, kushoto na kulia, mambo yawe ya kisasa. Mjomba ndiye angeweka sahihi kwenye kitabu cha ndege baada ya kazi. "Ukikosea kwenye gari," aliniambia, "mwenyewe ataegesha kando ya Waiyaki Way na kukupigia simu akutukane. Kule juu hakuna kando."

Nikamwambia nitakuja Jumamosi nijionee.

Kutoka Kangemi hadi Wilson si mbali, ila lazima uingie mjini kwanza kisha upande matatu ya barabara ya Lang'ata. Jumamosi hiyo nilifika saa nne asubuhi. Mjomba alikuja langoni kunichukua, nikaandikishwa, nikapewa kitambulisho cha mgeni, tukaingia kwenye hanga.

Kwa wale wasioujua uwanja huo: jina lake linatokana na Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha shirika la Wilson Airways mwaka 1929. Madaktari wa ndege wa AMREF, huduma iliyoanza mwaka 1957, huruka kutoka hapo. Jambo muhimu kwa kisa chetu ni kimo chake: karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa pale ni ndogo kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 18. Injini ya pistoni isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho hata kabla ndege haijaacha ardhi. Hapo ndipo turbo inapopata kazi. Moshi wa injini unazungusha gurudumu moja, gurudumu hilo linazungusha lingine, na hilo la pili linasukuma hewa ndani ya silinda kwa nguvu, kana kwamba ndege ingali pwani. Cessna T206H, kwa mfano, ina injini ya Lycoming TIO-540 ya silinda sita yenye nguvu za farasi 310.

Ndege ya mteja ilikuwa imevuliwa kifuniko cha injini. Mjomba alinionyesha vitu viwili vyeusi nyuma ya injini, kila kimoja kikubwa kama kopo la rangi la lita moja, vimetokwa na waya kama pweza. "Hizo ndizo magneto," akasema. Akachukua nyingine ya zamani kutoka mezani, iliyokwisha kufunguliwa, akaniwekea mkononi.

Nilitarajia kitu cha ajabu. Ndani mna sumaku inayozungushwa na gia za injini. Sumaku inazunguka karibu na koili, na umeme unazaliwa humo humo. Wakati ukifika, pointi mbili ndogo zinafunguka, mkondo unakatika ghafla, na koili ya pili yenye nyuzi nyingi zaidi inatoa umeme wa volti kama 20,000. Distribyuta inaupeleka kwenye plagi ya zamu. Basi. Hakuna betri. Hakuna alteneta. Propela ikizunguka, cheche ipo.

Magari yaliachana na magneto zamani sana. Cadillac ya mwaka 1912 ilikuja na cheche ya betri iliyobuniwa na Charles Kettering, na wengine wakafuata. Hapa Kangemi nimewaona mafundi wa jua kali wakiondoa hata hizo pointi za Peugeot 504 na kuweka moduli ya kielektroniki, na gari linawaka vizuri kuliko lilivyotoka kiwandani. Mbona ndege zikabaki nyuma?

Nikamuuliza mjomba. Badala ya kujibu, naye akaniuliza: "Ukikata waya wa swichi ya magneto, nini kinatokea?"

Nikasema, inazima. Akatikisa kichwa.

Ndugu msomaji, hapa ndipo nilipokaa chini. Swichi ya magneto haipeleki umeme popote. Kuzima magneto ni kuunganisha waya wake na bodi ya injini ili umeme upotelee huko. Waya huo ukikatika, magneto haizimi, bali inakataa kuzimika! Ndiyo maana fundi wa ndege haigusi propela ovyo hata kama ufunguo uko mfukoni mwake. Waya mmoja ukiwa umekatika, kuisukuma propela kwa mkono kunaweza kuiwasha injini na kumkata mtu. Ni hatari ukiwa ardhini. Lakini angalia ilivyo ukiwa angani: betri ikifa, alteneta ikifa, waya ukikatika, cheche inaendelea. Waliokibuni kifaa hiki walijiuliza kitaangukia upande gani siku kitakapoharibika, wakachagua upande wa kuwaka.

Na kwa kuwa hawakukiamini peke yake, wakaweka viwili. Kila silinda ina plagi mbili, moja ya magneto ya kushoto na moja ya kulia. Silinda sita, plagi kumi na mbili. Moja ikifa, unarudi nyumbani na nyingine, nguvu zikiwa zimepungua kidogo tu.

Basi nikauliza swali la kawaida la watu wa kompyuta: kama inafanya kazi, kwa nini tuiguse?

Kwa sababu ya turbo, akasema. Mwaka 1889 mwanafizikia Mjerumani Friedrich Paschen alieleza kwamba umeme unaohitajika kuruka pengo hutegemea presha ya hewa iliyomo katika pengo hilo pamoja na upana wake. Hewa nzito inazuia cheche, hewa nyepesi inairahisishia. Sasa fikiria ndege ikiwa kwenye kimo cha kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199. Nje presha ni kama nusu tu ya ile ya Mombasa. Ndani ya silinda, turbo imejaza hewa nzito, kwa hivyo cheche inapata taabu kuruka kwenye plagi. Ndani ya magneto, hewa ni nyepesi kama ya nje, kwa hivyo cheche inaona njia za mkato kila mahali. Umeme ni kama maji ya mvua pale Kangemi, haufuati ramani yako, unafuata mteremko. Unaruka ndani ya distribyuta, unaenda kwa silinda isiyo ya zamu au unapotelea kwenye bodi, na injini inaanza kukosa moto juu ya milima.

Dawa ya zamani ni kuipa magneto hewa iliyosukumwa na turbo hiyo hiyo, ili presha iwe kubwa hata ndani yake. Inasaidia, lakini hewa hiyo huja na unyevu. Mjomba alinionyesha kutu ndani ya ile niliyokuwa nimeishika, na mistari myeusi membamba kwenye kifuniko cha distribyuta, mahali cheche ilipokuwa ikijipitia. Ndiyo maana watengenezaji hupendekeza magneto ifunguliwe na kukaguliwa kila baada ya saa 500 za kuruka. Pointi huchakaa, taimingi husogea, na huduma hiyo si bure.

Mfumo wa kielektroniki unaondoa mengi ya hayo. Kuna kihisi kinachosoma mahali krenkishafti ilipo, kuna prosesa ndogo, na kuna koili. Hakuna pointi za kuchakaa, na mifumo mingi haina mkono wa distribyuta unaozunguka hewani. Cheche ina nguvu na inadumu muda mrefu zaidi, hata injini ikizungushwa polepole na stata, kwa hivyo injini iliyo moto haisumbui kuwaka. Kampuni kama Electroair na SureFly za Marekani zinauza mifumo iliyoidhinishwa na mamlaka ya huko, FAA. Hapa kwetu, huwezi kufunga tu kwa kuwa umenunua, lazima makaratasi ya ruhusa yakubaliwe na mamlaka yetu ya usafiri wa ndege, KCAA.

Kuna faida moja inayotangazwa sana ambayo mteja alikuwa ameishika kichwani: kompyuta inaweza kuwahisha cheche. Magneto hutoa cheche pale pale kila mara, tuseme nyuzi 20 kabla pistoni haijafika juu. Kompyuta inaweza kuona kwamba hewa ndani ya injini ni kidogo, mchanganyiko utaungua polepole, basi ikaiwahisha cheche na kuokoa mafuta. Kwa injini ya kawaida iliyo juu angani hilo ni jambo zuri. Kwa injini ya turbo ni mtego. Turbo ipo ili hewa isiwe kidogo. Ukiwahisha cheche wakati silinda imejaa hewa nzito na ya moto, mafuta yanalipuka badala ya kuungua, injini inagonga, na pistoni inaweza kutoboka. Ndiyo maana SureFly, kwa mfano, kwenye injini za turbo hufungwa ikiwa na taimingi isiyobadilika. Unanunua kompyuta, halafu unaiambia isijifanye mjanja. (Wasimamizi wangu wangependa sana kunifanyia hivyo.)

Mjomba alinipa kalamu. Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, inazunguka nyuzi 15,000 kwa sekunde. Maana yake milisekunde moja ni nyuzi 15. Programu ikichelewa milisekunde moja tu, cheche iliyopaswa kutoka nyuzi 20 kabla inatoka nyuzi 5 kabla. Kuna programu yangu moja ya Java ambayo wakati mwingine husimama milisekunde 50 ili isafishe kumbukumbu, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Katika injini hii huo ungekuwa mzunguko mara mbili na zaidi, na cheche sita zisingetoka. Nikasikia jasho.

Bila shaka programu za ndege haziandikwi kama zangu. Upo mwongozo unaoitwa DO-178C, uliotolewa mwaka 2011, unaogawa programu katika viwango kutoka A hadi E kulingana na madhara ya kasoro. Kiwango A ni pale ambapo kasoro inaweza kuangusha ndege. Kila sharti lazima lifuatwe hadi kwenye mstari wa programu, na kila mstari urudi kwenye sharti. Mimi huandika programu Ijumaa jioni na kuipeleka kwa wateja Ijumaa usiku.

Lakini si hesabu iliyoniumiza. Kilichoniumiza ni chama.

Sijawahi kuandika jambo hili hapa. Kuna chama cha akina mama wa soko la Kangemi, karibu arobaini hivi. Wanachanga kila Alhamisi, wengine kwa M-Pesa, wengi kwa pesa taslimu mkononi. Mhazini wao ni mama mmoja anayeuza mboga, na alikuwa akiandika kila kitu kwenye daftari la jalada gumu. Mimi, kijana wa mtaa mwenye digrii, niliwaandikia programu. Nilijivunia sana. Niliweka kompyuta mbili, data ikinakiliwa kutoka moja hadi nyingine kila dakika, ili moja ikifa nyingine iendelee. Nikamwambia mhazini, "Mama, hilo daftari sasa unaweza kuliweka jikoni uwashie jiko."

Kompyuta zote mbili zilikuwa chumba kimoja, kwenye waya mmoja wa umeme. Usiku mmoja stima ikapotea. Iliporudi, ilirudi na nguvu kupita kiasi, na asubuhi zote mbili zilikuwa zimekufa na diski zake. Nakala ya nje nilikuwa nikiipeleka mwisho wa mwezi. Wiki tatu za michango zikawa hazipo. Zile za M-Pesa zilikuwa na ujumbe kwenye simu. Za taslimu hazikuwa na chochote.

Nilikwenda sokoni nikiwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha. Nilijua kuna mama mmoja kati yao aliyekuwa amchukulie mtoto karo wiki hiyo. Mhazini alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akainama chini ya meza ya sukuma wiki, akatoa daftari. Alikuwa hajaacha kuandika hata Alhamisi moja. "Mwanangu," akasema, "hii haitaki stima."

Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu kama angenigombeza.

Basi nikiwa pale Wilson na ile magneto yenye kutu mkononi, nilijua ni kitu gani nimekishika. Nilikuwa nimeshika daftari. Kina kutu, kinahitaji matunzo, ni kazi ya mikono ya zamani, na hakitaki stima. Na mteja wa mjomba alitaka kufanya nililofanya mimi: kuondoa madaftari yote mawili na kuweka kompyuta mbili kwenye waya mmoja.

Nikamwambia mjomba, "Nitakubali cheche ya kompyuta. Mradi isiwe peke yake, na mradi mwenzake asiwe pacha wake."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu anipigie simu. Alikuwa anajua tayari, wazee wetu hawa! Mifumo hii kwenye ndege zilizoidhinishwa kwa kawaida huchukua nafasi ya magneto moja, na ya pili hubaki. Alitaka tu kusikia kama mtu wa kompyuta angeona sababu mwenyewe, ili apate maneno ya kumwambia mteja. Kwa sababu mteja hakuuliza "inafungwaje". Aliuliza "kwa nini tubaki na kitu cha zamani". Jibu ni kwamba vitu viwili vizuri vinavyoharibika kwa sababu moja ni kitu kimoja tu. Magneto inaogopa kutu, uchakavu na kimo. Kompyuta inaogopa kukosa umeme na makosa ya mtu kama mimi. Hofu zao hazifanani, na usalama uko katika tofauti hiyo.

Mteja alikubali, ingawa si mara moja. Makaratasi yalichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Upande wa kielektroniki ulifungwa moja kwa moja kwenye betri kwa fyuzi yake, ili kuzima swichi kuu ya umeme kusiiue cheche. Magneto iliyobaki ilifunguliwa, ikasafishwa, ikarudishwa na hewa yake ya turbo.

Siku ya kuijaribu nilikuwepo, nimesimama mbali na propela kama nilivyofundishwa. Kabla ya kuruka, rubani hupandisha injini hadi mizunguko kama 1,800 kwa dakika, kisha huzima upande mmoja na kusikiliza. Kwa magneto mbili za kawaida, mizunguko isishuke zaidi ya 150 hivi. Halafu hurudisha, na kuzima upande wa pili. Mwenye ndege alizima ule wa kompyuta. Injini ikashuka kidogo, ikaendelea na magneto. Akarudisha. Akazima magneto. Ikashuka kidogo zaidi ya hapo? Hapana, ilishuka kiasi kwamba nusura nisisikie. Mjomba alinitazama, akainua kidole gumba. Kompyuta ilikuwa imefanya kazi yake vizuri kuliko mwenzake, na bado nilifurahi kwamba mwenzake yupo.

Jambo moja nimelileta Kangemi kutoka kwenye jaribio hilo. Nakala za chama sasa zinakwenda nje ya mtaa kila usiku, hilo ni la kawaida. Lakini Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi tunazima kompyuta kwa makusudi na kuendesha mkutano mzima kwa daftari. Mwezi unaofuata mhazini anafunga daftari na tunatumia kompyuta peke yake. Mwisho tunalinganisha. Mara ya kwanza tulikuta tofauti ya shilingi 200, na kosa lilikuwa la programu yangu.

Mhazini hakusema neno. Aliandika 200 kwenye daftari, akapiga mstari chini yake.